Namna ya Kuwatendea Wema Wanafunzi Wenzako: Mwongozo Kamili kwa Kijana wa Sekondari Mkoani Kigoma

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, lakini mwanafunzi hana pa kwenda. Akimpa mwenzake kalamu leo, au akimgawia chakula cha mchana, kesho asubuhi watakutana tena mstarini na kukaa tena katika chumba kile kile, na wataendelea hivyo hadi mtihani wa kidato cha nne uwatenganishe mwezi Novemba. Kwa hiyo wema wa shuleni una sharti ambalo wema wa njiani hauna: utendwe kwa namna itakayomwezesha aliyetendewa kukaa kando yako kesho bila kuinamisha uso. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne mkoani Kigoma, awe Ujiji, Kasulu, Kibondo, Buhigwe au katika vijiji vya mwambao wa ziwa wilayani Uvinza, na kila hatua iliyomo nimeipima kwa sharti hilo.

Hatua ya kwanza: tazama kabla hujatenda

Jipe wiki mbili za kutazama tu. Angalia nani haondoki darasani wakati wa mapumziko wengine wakienda kununua mihogo na maandazi, nani anaazima peni kila siku na kuirudisha kwa haraka kana kwamba inamchoma, nani alikuwa akinyoosha mkono na sasa hanyooshi, na nani hukaa peke yake si kwa kupenda bali kwa sababu hakuna aliyemsogezea nafasi. Kutazama huku ni kwa ajili ya kujua tu, kwa hiyo uyaonayo usimhadithie yeyote.

Ni muhimu pia ujue sababu zinazotokana na maisha ya mkoa wetu, maana bila kuzijua utamhukumu mtu kwa kosa ambalo si lake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hizo hazivuti dagaa, hivyo mitumbwi hupumzika. Nyumba inayoishi kwa uvuvi huwa na wiki za neema na wiki za ukame ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake nzuri, lakini mtoto wa mvuvi wa Kibirizi au Katonga aliyechangia chakula cha shule bila shida mwezi Aprili huenda hakuwa na cha kuchangia mwezi Juni. Katika nyumba za wakulima, mvua zikishika mwezi Novemba kila mkono unahitajika shambani, na mwanafunzi anayesinzia katika kipindi cha tatu yawezekana ameamka kabla ya wenzake wote.

Kumbuka tena kwamba ada ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, ila sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vimebaki mikononi mwa mzazi. Yupo kwa hiyo mwenzako ambaye hadaiwi ada na bado anaona haya kuvua sweta wakati wa jua kali kwa sababu shati la ndani limechanika.

Ukitaka kujua zaidi, usimuulize mbele za watu wala usimuulize moja kwa moja kuhusu shida yake. Tembea naye njiani, umuulize mvua imemkuta wapi, au nani anayepika nyumbani kwao siku hizi. Akitaka kukueleza atakueleza.

Hatua ya pili: salamu, jina na nafasi ya kukaa

Hatua hii ni fupi na haigharimu kitu. Wasalimie wenzako kwa majina yao halisi, wakiwemo wale ambao huna haja nao. Jina la utani ambalo mwenyewe hulicheka kwa shingo upande lisitoke kinywani mwako hata kama darasa zima limelizoea. Akija mwanafunzi mgeni, msogezee nafasi kwenye dawati, mwonyeshe choo na bomba la maji viliko, mweleze mwalimu gani hataki madaftari yachanganywe na kengele ipi ni ya chakula. Mambo hayo madogo humtesa mgeni kuliko masomo yenyewe, kwa sababu anaona aibu kuyauliza.

Hatua ya tatu: linda ulimi wa mwenzako

Wanafunzi wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kijijini kwake ananyamaza ghafla, na ukimya wake mara nyingi hutokana na kicheko kimoja tu alichochekwa siku ya kwanza alipojaribu kujibu. Nimefundisha vidato vya kwanza vya kutosha kusema hivi bila wasiwasi: kicheko hicho huua wanafunzi wengi darasani kuliko ugumu wa hesabu.

Kwanza, usicheke. Pili, darasa likicheka, nyoosha mkono na uendeleze jibu la mwenzako pale alipokwama, ukisema kwamba alivyoanza yuko sahihi, ikiwa kweli yuko sahihi. Tatu, baada ya kipindi mwombe mfanye mazoezi pamoja ya sentensi tano au sita ambazo mwalimu hupenda kuuliza, na wewe mwenyewe ukosee mbele yake bila kuficha, ili aone kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza.

Lafudhi nayo ni mlango wa dhihaka. Wapo wanaomcheka Muha anayezungumza Kiswahili chenye sauti ya Kiha, na wapo Waha wanaomcheka aliyekulia upande wa Burundi au Kongo. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu mwaka 1996, na Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana. Familia nyingi zina ndugu pande zote mbili za mpaka. Neno "mkimbizi" linapotupwa darasani kama tusi, hata kwa mtoto ambaye ni raia tangu babu yake, usiingie katika ubishi wa nani katoka wapi, kwa sababu ubishi huo unamweka mwenzako kizimbani ajieleze. Mwite kwa jina lake, mpe kazi ya kufanya pamoja nawe, na mazungumzo yageuke.

Hatua ya nne: saidia masomo bila kumfanya mwenzako mdogo

Mwanafunzi aliyekosa shule kwa malaria au kwa kumuuguza mzazi anahitaji notisi kabla ya kitu kingine chochote. Mpe daftari lako mkiwa mmekubaliana siku ya kulirudisha, kwa maana daftari lililokaa wiki tatu bila kurudi huzaa chuki, na chuki hiyo itafuta wema wote. Kama mada ni ngumu, usimwachie daftari peke yake. Kaa naye nusu saa baada ya masomo umwonyeshe mahali ambapo wewe mwenyewe ulipata taabu.

Mkiunda kikundi cha kujisomea, kiwe cha watu wanne au watano, na kila mmoja apewe mada ya kuwafundisha wengine, hata yule mnayemwona dhaifu. Mtoto wa mkulima asiyejua hesabu za logi anaweza kueleza mmomonyoko wa udongo vizuri kuliko mwalimu, kwa kuwa ameuona shambani kwao mlimani. Akishafundisha mara moja, kupokea msaada wa hesabu hakumfedheheshi tena, kwa sababu kila mmoja ametoa na kila mmoja amepokea.

Kumpa majibu ndani ya chumba cha mtihani siyo wema, na nalisema hili wazi kwa sababu wanafunzi wengi hulitetea kwa jina la urafiki. Upimaji wa kidato cha pili ndio unaomruhusu mtu kuingia kidato cha tatu; ukimvusha mwenzako kwa majibu yako unampeleka mahali ambapo atazama peke yake, na mkikamatwa mnaumia wote wawili.

Hatua ya tano: chakula na vifaa

Ukiwa na kiazi au muhogo na mwenzako hana, usimwambie umeona hajala. Mwambie hutaweza kukimaliza, umkatie nusu huku mkiendelea na mazungumzo mliyokuwa nayo. Kalamu ya ziada iweke katikati ya dawati itumiwe na yeyote, badala ya kumkabidhi mtu mkononi kila asubuhi. Usipige picha ya ulichotoa, usikitangaze kwenye kundi la WhatsApp, wala usije ukamkumbusha siku mkigombana. Kumkumbusha mtu fadhila wakati wa ugomvi kunamfundisha kwamba ni heri alale na njaa.

Hata hivyo, mali unayogawa ni ya wazazi wako, na ni lazima wajue. Zungumza na mama au baba jioni: "Mama, naomba uniongezee mihogo miwili kesho, tunakula pamoja na mwenzangu." Mzazi mwelewa hatakuuliza jina, na akiuliza mweleze kwa faragha, si mbele ya jirani. Shida ikizidi uwezo wa mfuko wako, kwa mfano viatu, sare au mchango wa chakula wa muhula mzima, usianzishe harambee darasani. Nenda kwa mwalimu wa malezi au mwalimu wa darasa, umweleze ulichokiona, na uuachie uongozi ushughulike na mzazi wa mwanafunzi huyo kimyakimya.

Hatua ya sita: mwili unapomwaibisha mtu

Hapa ndipo sharti la mwongozo huu linapimwa kweli, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Msichana akichafua sketi kwa damu ya hedhi, kila sekunde ina thamani. Aliye jirani naye amnong'oneze, ampe sweta ajifunge kiunoni, atembee nyuma yake hadi chooni au kwa mwalimu wa kike, na mwingine abaki kusafisha kiti kabla ya mapumziko. Ni vyema wasichana wa darasa wakubaliane mapema kuhifadhi pedi au vitambaa safi na sabuni katika begi la mmoja wao, kila atakayetumia akirudishia anapoweza. Mvulana naye ana wajibu wake, nao ni mwepesi: aangalie pembeni, amnyamazishe anayecheka, na asiligeuze jambo hilo hadithi. Nakusisitizia wewe kijana wa kiume kwamba msichana aliyechekwa kwa sababu hii anaweza kuanza kukosa siku kadhaa za shule kila mwezi, na hatamwambia mtu kwa nini.

Mwenzako akianguka kifafa, usikimbie. Kifafa hakiambukizi, na povu linalomtoka mdomoni halina madhara kwa anayemsaidia. Sogeza madawati na vitu vigumu, weka sweta lililokunjwa chini ya kichwa chake, legeza tai au kola, na usimshike kwa nguvu kuzuia mitikisiko. Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Mitikisiko ikipungua mgeuze alale kwa ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri. Mmoja wenu atazame saa na mwingine amwite mwalimu: ikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Wakati huo huo watoe wengine nje, na ukiona amejikojolea mfunike kwa kanga au sweta. Atakapozinduka akute mtu mmoja au wawili wanaomwambia kwa utulivu yuko wapi, asikute macho ya darasa zima. Siku atakayorejea msalimie kama kawaida na umpe notisi alizokosa.

Mwenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) hupatwa na maumivu makali ya mifupa na viungo, na baridi, kukosa maji ya kutosha au kuchoka kupita kiasi huweza kuyaamsha. Usimwite mvivu anapokaa pembeni wakati wa michezo. Mkumbushe kunywa maji, mbebee begi mnapopanda mlima, na macho yake yakionekana ya njano usifanye hilo kuwa mzaha.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu ambao hata miwani haiumalizi, na mwanga mkali humtesa. Baadhi ya wanafunzi wenye ualbino mkoani kwetu wamepitia shule maalumu ya Kabanga huko Kasulu, mahali palipowapokea watoto waliokuwa wakikimbia mashambulizi, kwa hiyo kumtania kwa maneno ya ushirikina kunagusa hofu ya kweli kabisa. Mwombe kiongozi wa darasa ampe dawati la mbele lisiloelekea dirisha lenye jua, soma kwa sauti ya chini yaliyoandikwa ubaoni wakati nyote mnanakili, na mstarini simameni upande wa kivuli pamoja.

Hatua ya saba: dhihaka na uonevu

Anayedhihaki anahitaji watazamaji. Ukiondoka na wenzako wawili au watatu, mchezo unapoa. Namna salama zaidi ya kumtoa anayeonewa ni kumwita kwa shughuli ya kawaida, kama vile kwenda kuchota maji au kufuta ubao, bila kutoa hotuba. Usipigane. Baadaye, mkiwa wawili tu, zungumza na aliyefanya uonevu. Kijana aliyekemewa hadharani hukaza shingo, lakini akiulizwa faraghani kama angependa mdogo wake atendewe hivyo, mara nyingi hunyamaza na kufikiri. Kama kuna kupigwa, kunyang'anywa fedha au vitisho, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo.

Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo dhihaka huhamia nyumbani jioni. Picha ya mwenzako ya kufedhehesha ikikufikia, usiisambaze, usiicheke kwa alama, ifute, na mwambie aliyeituma kwamba umeifuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, jambo ambalo vijana wengi hawalijui hadi wanapoitwa ofisini. Kama picha ni ya ukatili au ya utupu, mwambie kwanza mtu mzima unayemwamini.

Hatua ya nane: aliyerudi shuleni

Tangu Novemba 2021 wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea katika shule za serikali. Anayerudi hukuta wenzake wa zamani wamemtangulia kidato na yeye amewekwa na wadogo zake, huku kila mtu akijua habari zake. Usimuulize kuhusu mtoto mpaka amtaje mwenyewe, na akimtaja muulize jina na afya yake kama ambavyo ungemuulizia mdogo wake. Usimuulize kuhusu baba wa mtoto kamwe. Mshirikishe katika kikundi cha mchana, si cha jioni, kwa kuwa jioni ananyonyesha na kupika. Aliyefiwa naye yuko karibu na hali hii: nendeni nyumbani kutoa pole mkiwa wachache pamoja na mwalimu, pelekeni rambirambi mliyochangishana, na akirejea kazi yenu kubwa iwe kumsaidia kufidia masomo, kwa sababu pole zinaporudiwa kila siku humchosha.

Hatua ya tisa: siri ambayo hupaswi kuitunza

Ukiwa mtu wa kuaminika, utaambiwa mambo mazito. Usiahidi mapema kwamba hutamwambia mtu yeyote. Sema kwamba utamsikiliza, na kama maisha yake yako hatarini mtatafuta pamoja mtu mzima wa kuwasaidia. Mambo yasiyofaa kubaki siri ni haya: kupigwa na kujeruhiwa nyumbani, kushikwa au kulazimishwa kimapenzi na mtu yeyote, awe ndugu, jirani au mwalimu, mipango ya kuozeshwa, na maneno ya kutaka kufa. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mwenzako anayelazimishwa kuolewa ana sheria upande wake.

Mnaweza kwenda kwa mwalimu wa malezi, kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, na kuipiga ni bure. Fuatana naye hadi mlangoni, kisha mwache azungumze mwenyewe. Wewe si mpelelezi wala si mzazi wake, na ukishamfikisha kwa mtu mzima anayechukua hatua umetimiza sehemu yako. Mtu mzima wa kwanza akipuuza, nendeni kwa wa pili.

Wema ukikataliwa

Wapo watakaokataa, na wengine watakujibu vibaya. Usinung'unike kwa marafiki zako na usikate salamu. Acha wiki chache zipite, endelea kumwita kwa jina lake, na utazame kama ulikuja kwake mbele za watu au kwa sauti ya kumhurumia. Akikataa tena, heshimu uamuzi wake.

Hatua ya mwisho: kabla hujaondoka shuleni

Mwanafunzi anayemaliza kidato cha nne anaacha vitu vingi ambavyo mwingine atavihitaji Januari. Kusanya madaftari yako ya notisi, mitihani ya miaka iliyopita, kamusi na mkebe wa vifaa vya hesabu, kisha ukubaliane na wenzako wa darasa mfanye vivyo hivyo, baada ya kila mmoja kuomba ruhusa ya mzazi na kuhakikisha hakuna mdogo wake anayevihitaji. Sare ifuliwe, ipigwe pasi, vifungo vilivyokatika vishonwe, na jina lililodariziwa mfukoni litolewe uzi mmoja mmoja. Pelekeni vyote kwa mwalimu wa malezi mkiwa mmevipanga kwa vipimo, na mumwombe avigawe ofisini kwake, kwa mwanafunzi mmoja mmoja, bila kutaja vimetoka kwa nani.